Mkono Unaoujua Mgomba

Kazi huanza kwa kuchagua. Shina moja la mgomba hutoa machipukizi kadhaa kwa mpigo, na kwa macho ya mgeni yote ni mamoja. Mkulima ninayemtazama, mama mtu mzima kwenye mteremko wa West Mugirango katika kaunti ya Nyamira, anayapita matatu bila hata kuinama. Hayo ni machipukizi ya maji, anasema. Majani yake yamepanuka kabla ya wakati na tunguu lake ni dogo. Ukiyapanda yatakula samadi mwaka mzima, halafu yakupe mkungu usiofika sokoni. La nne ndilo alitakalo. Hilo ni chipukizi la upanga: majani membamba yaliyosimama wima, shina pana chini na jembamba juu, limeshikamana na mgomba mama kwa nguvu. Anainama, analishika kwa mikono miwili na kulitikisa kidogo. Halichezi. Anamwita mjukuu wake alete mtaimbo.

Halivuti chipukizi hilo. Anachimba kwa jembe upande ulio kati yake na mgomba mama, taratibu, mpaka udongo mwekundu unapoisha na weupe wa tunguu kuonekana pale mawili yanapoungana. Hapo jembe linawekwa kando. Mtaimbo wake umepigwa bapa na kunolewa nchani. Anauelekeza kwenye kiungo, anapanga miguu, kisha anaukandamiza kwa uzito wa mwili badala ya kuupiga. Unasikika mlio mmoja mkavu, na chipukizi linatoka na tunguu lake zima. Shimo analifukia papo hapo na kulikanyaga, kwa sababu harufu ya tunguu lililojeruhiwa humwita fukusi.

Fukusi wa migomba ni mdudu mweusi, mdogo kuliko punje ya haragwe, mwenye mdomo mrefu uliopinda. Hatembei sana, na mchana humwoni. Hutaga mayai kwenye tunguu, na funza wake mweupe asiye na miguu hutoboa vijia ndani mpaka mizizi inakosa pa kushika. Siku ya upepo mgomba huo huanguka pamoja na mkungu wake, na asiyejua hulaumu upepo.

Mama huyu anakaa kwenye kigoda, anatandika gunia mapajani kwa kuwa utomvu wa mgomba ukiingia kwenye nguo hautoki, na analipakata chipukizi. Kisu chake ni kifupi, bapa lake limelika kwa miaka ya kunolewa. Kwanza anakata mizizi yote hadi usawa wa ganda. Kisha anamenya tunguu lenyewe, kipande kwa kipande, akilizungusha kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukibaki karibu mahali palepale. Ganda la kahawia linaanguka, weupe unatokea. Mahali pamoja kuna doa jeusi la ukubwa wa ncha ya kalamu. Analifuata. Doa linageuka kijia, kijia kinaingia ndani kwa urefu wa nusu kidole, na mwishoni mwake amelala funza mwenye kichwa cha kahawia. Anamtoa kwa ncha ya kisu, anamponda kwenye jiwe, anaendelea kumenya mpaka weupe unarudi kuwa safi. Kama kijia kingefika katikati ya tunguu, ananiambia, angelitupa lote motoni, hata liwe zuri vipi kwa nje.

Pembeni, sufuria kubwa la maji linachemka juu ya mafiga. Tunguu lililomenywa linatumbukizwa humo, naye anahesabu kwa Ekegusii, bila haraka, hadi thelathini. Analitoa. Hizo sekunde 30 zinatosha kuua minyoo midogo ya mizizi, ile isiyoonekana kwa macho, ambayo wataalamu huiita nematodi, pamoja na mayai ya fukusi yaliyoponyoka kisu. Akizidisha, chipukizi litaiva kama kiazi. Akipunguza, kazi yote ya kumenya imekuwa bure. Vituo vya utafiti vya ukanda huu vimekuwa vikifundisha njia hii kwa miaka, na inahitaji kisu, kuni na mtu anayejua kuhesabu.

Naisimamisha kazi yake hapa kwa muda, maana wadudu haohao wana historia nyingine mbali na Nyamira. Katika visiwa vya Martinique na Guadeloupe, vilivyo chini ya Ufaransa kwenye bahari ya Karibi, mashamba makubwa ya ndizi za kuuza Ulaya yalipambana na fukusi huyu kwa sumu iitwayo klodekoni. Ilitumika kuanzia mwaka 1972 hadi 1993, ingawa Marekani ilikuwa imekwisha kuipiga marufuku katika miaka ya 1970 baada ya wafanyakazi wa kiwanda kuugua. Sumu hiyo haiozi. Imeingia kwenye udongo, mito na samaki, na inakadiriwa itakaa huko kwa mamia ya miaka. Uchunguzi wa damu umeikuta kwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wa visiwa hivyo. Kwa upande wa nematodi, mashamba ya Amerika ya Kati yalimwagiwa dawa ya DBCP katika miaka ya 1960 na 1970, na maelfu ya wanaume walioishika kwa mikono wakawa tasa. Ndizi zilizovunwa huko zilikuwa nafuu mno katika maduka ya ng'ambo. Kazi ambayo mama huyu anaifanya kwa kisu na maji ya moto, pale ilifanywa kwa pipa la sumu, kwa sababu hakuna kampuni iliyotaka kulipa mikono ya kumenya tunguu mojamoja.

Shimo la kupandia lilichimbwa wiki kadhaa kabla. Lina futi tatu kwenda chini na tatu kila upande, na kando yake kuna vichuguu viwili vya udongo ambavyo havikuchanganywa: wa juu, mweusi kidogo, na wa chini, mwekundu mtupu. Wa juu unachanganywa na samadi iliyooza vizuri kutoka banda la ng'ombe na kurudishwa kwanza. Mwekundu unabaki juu kama kingo ya kuzuia maji yasitoroke, kwa maana huku kwenye miteremko mvua hunyesha kwa fujo, zaidi ya milimita 1500 kwa mwaka sehemu nyingi, na shamba lisilokingwa hushuka bondeni. Chipukizi linasimamishwa katikati, linafukiwa kidogo kupita lilipokuwa, linakanyagwa kwa kisigino kuzunguka pande zote. Kutoka hapo hadi shimo linalofuata ni hatua tatu ndefu. Shamba lote halifiki ekari moja. Katika Kisii na Nyamira ardhi imegawanywa kwa vizazi hadi familia nyingi zimebaki na kipande cha namna hiyo, chenye chai, mahindi, sukumawiki, mboga za kienyeji, ng'ombe mmoja wa maziwa na migomba.

Ukitembea naye kati ya migomba, unaona kwamba hakuna miwili iliyofuatana ya aina moja. Huu ni Ng'ombe, ndizi nene ya kupika, inayochemshwa na nyama au na vitunguu na nyanya. Ule wenye shina jeusi-jeusi ni wa matoke, jamaa ya migomba ya nyanda za juu inayolisha Uganda na Kagera. Karibu na jiko kuna sukari, ile ndizi fupi yenye ganda jembamba ambayo watoto huimaliza kabla haijafika sokoni. Chini karibu na mtaro kuna Cavendish, miche iliyozalishwa maabara. Miche ya namna hiyo, tunayoiita ya tishu, ilianza kusambazwa kwa wakulima wa Kenya katika miaka ya 1990 kupitia taasisi ya utafiti wa kilimo, ambayo leo ni KALRO na ina kituo hapo Kisii. Na kwenye kona ya juu unasimama mgomba mrefu kupita yote, ambao wengi nchini huuita Kampala.

Mgomba huo wa Kampala, jina lake duniani ni Gros Michel, ndio uliojenga biashara ya ndizi ya kimataifa. Tangu mwisho wa karne ya 19 kampuni za Marekani, hasa United Fruit Company iliyoundwa mwaka 1899, zilifyeka misitu ya Amerika ya Kati na kupanda aina hiyo moja tu, maelfu kwa maelfu ya hekta, kwa sababu ganda lake gumu lilivumilia safari ya meli. Ukafuata ugonjwa wa Panama, ukungu wa udongoni unaoziba mishipa ya shina na kuunyausha mgomba kuanzia jani la chini. Kila kampuni ilipohama na kufyeka msitu mwingine, ugonjwa uliifuata. Kufikia miaka ya 1960 Gros Michel ilikuwa imekwisha kama ndizi ya biashara ya kimataifa, na nafasi yake ikachukuliwa na Cavendish, iliyobeba jina la ukoo wa Duke wa Devonshire, ambaye bustani yake iliikuza kwenye nyumba ya vioo huko Uingereza katika miaka ya 1830. Leo karibu ndizi zote zinazovuka bahari, takriban tani milioni 20 kwa mwaka, ni za aina hiyo. Nao ukungu umezaa uzao mpya unaoiua Cavendish: TR4. Uligunduliwa Msumbiji mwaka 2013 na Kolombia mwaka 2019.

Ukungu wa zamani upo hata huku kwetu. Mama huyu amewahi kupoteza Kampala wawili na sukari kadhaa, na mahali walipokufa hajarudisha aina hizo. Amepanda matoke, ambayo ugonjwa huo hauyasumbui. Haliiti jambo hili mkakati. Anasema tu kwamba udongo ule umeikataa Kampala. Lakini huo ndio uamuzi ambao kampuni zenye maabara na meli zilishindwa kuufanya kwa miaka 60, na mimi nauhesabu miongoni mwa ufundi wake kama ninavyohesabu kile kisu.

Miezi inapita na kazi inabadilika kuwa ya kuzuia. Mgomba ukiachwa huzaa machipukizi mpaka unajisonga. Kanuni yake ni watatu kwenye shina moja: mama mwenye mkungu, binti aliyefika kiunoni, na mjukuu anayechungulia. Wengine wote wanaondolewa wangali wadogo. Anawakata usawa wa ardhi, kisha anachoma ncha ya kisu katikati ya kikonyo kilichobaki na kuizungusha mara moja, ili moyo ufe na usichipue tena. Anachagua binti upande wa juu wa mteremko kila mara. Nilimuuliza kwa nini. Akanionyesha kwa mkono: shina likitembea kwenda chini vizazi vitano, litakuwa limefika kwa jirani.

Majani yaliyokauka anayakata kwa panga lililofungwa kwenye mti mrefu, kutoka chini kwenda juu, na kuyalaza kwenye udongo kama matandazo. Yale yenye madoa anayaondoa kwanza. Kwenye mashamba ya nchi za joto ugonjwa wa madoa meusi ya majani, Sigatoka nyeusi, hupigwa kwa dawa inayomwagwa na ndege. Huko Costa Rica mashamba mengine hupigwa zaidi ya mara 40 kwa mwaka, na nyumba za wafanyakazi na shule zao ziko chini ya njia ya ndege hizo. Baridi ya vilima vya Gusii huuchelewesha ukungu huo, nayo ni bahati ya mahali. Hata hivyo jani la kuondolewa lazima liondolewe, na mkono unaoondoa lazima ujue lipi bado linalisha mkungu. Mgomba unaotoa ua unahitaji majani manane hivi yaliyo hai. Yeye huyahesabu kwa kutazama juu mara moja tu.

Ua likishatoka na chane zote zimejipanga, mwishoni mwa mkungu linabaki ua dume, lile la zambarau linaloning'inia kama moyo. Hapa ndipo nilipoona tendo ninalolistahi kuliko yote. Panga lilikuwa mkononi mwake, na ua lilikuwa juu kidogo ya kichwa chake, rahisi kufikiwa. Aliliweka panga chini. Akachukua mti mrefu wenye panda nchani, akaiingiza panda hiyo kwenye kikonyo cha ua, akaisokota kushoto, kulia, kushoto tena, mpaka kikonyo kikakatika na ua likadondoka kwenye majani. Utomvu ulitiririka matone machache, ukakoma. Chuma hakikugusa mgomba.

Sababu yake ni mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huu ulionekana Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukavuka mpaka na kuingia magharibi mwa Kenya. Nyuki na nzi huubeba kutoka ua dume moja hadi jingine, na panga la mkulima huubeba vizuri zaidi, shina hadi shina, jirani hadi jirani. Ndizi huiva kabla ya wakati, na ukiikata ndani ina rangi ya kutu. Ugonjwa huu hauna dawa. Kinga yake ni kuondoa ua dume mapema, bila chuma, na chuma kikitumika kwingine kipitishwe motoni au kwenye maji ya dawa ya kufulia ya Jik kabla ya kugusa shina linalofuata. Mama huyu hubeba kopo la Jik kiunoni kila anapopogoa. Kati ya shina na shina, hata akiwa amechoka, hata mvua ikiwa inakuja kutoka upande wa Manga, panga linaingia kwenye kopo. Nilimfuata asubuhi nzima nikingoja ajisahau mara moja, aruke shina moja. Hakuruka.

Mkungu unapojaa, shina huanza kuinama. Anauegemeza kwa miti miwili ya mkaratusi iliyofungwa kwa kamba karibu na ncha, ikafungua miguu. Shingo ya mgomba inakaa kwenye makutano, na kati ya mti na shina anaweka fungu la majani makavu ili pasichubuke. Baada ya hapo ni kungoja. Tangu ua kutoka hadi mavuno ni miezi minne au mitano kwa baridi ya huku, wakati mwingine zaidi, na mgomba wenyewe umekwisha kula mwaka na zaidi kabla ya kutoa ua. Chai humlipa kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka. Ndizi hulipa pale mkungu unapokomaa, na ukomavu wake ndio anaoujua kuliko kalenda.

Anausoma kwa vidole. Ndizi changa ina kingo, unazihisi ukipitisha kidole gumba ubavuni. Jinsi inavyojaa, kingo hulainika. Mkungu wa kwenda Nairobi unakatwa kingo zikiwa bado zinahisika kidogo, robo ya mwisho haijajaa, ili ufike ukiwa kijani na mgumu. Wa kuuzwa katika soko la Keroka kesho yake unaweza kuachwa ujae. Wa nyumbani unangoja mpaka masalia ya ua kwenye ncha za ndizi yaanguke yenyewe ukiyagusa. Mikungu mitatu ya mgomba wa aina moja, iliyotoa ua juma moja, aliikata kwa siku tatu tofauti kwa ajili ya safari tatu tofauti.

Kukata ni kazi ya watu wawili. Mjukuu anasimama chini ya mkungu, begani ameweka mto wa majani mabichi yaliyokunjwa. Bibi yake analikata shina kwa panga, pigo moja la mshazari kwa urefu wa kifua, lisilofika ng'ambo. Shina linalia, linaanza kuinama lenyewe, polepole, likishikiliwa na nyuzi zilizobaki. Mkungu unashuka mpaka unakaa begani kwa kijana. Ndipo kikonyo kinakatwa. Hakuna ndizi iliyogusa ardhi. Mkungu unalazwa juu ya majani kivulini, utomvu wa kikonyo ukielekezwa upande, usidondokee ganda na kulitia doa jeusi ambalo mnunuzi angelipunguzia bei.

Shina lililobaki halitupwi. Sehemu ya juu inakatwakatwa kwa ajili ya ng'ombe. Sehemu ya chini anaipasua vipande vya futi moja na kuvilaza kifudifudi kuzunguka migomba mingine. Usiku fukusi hufuata unyevu huo na kujificha chini yake, na asubuhi yeye huvigeuza kimoja kimoja, huku kuku wakimfuata nyuma.

Barabarani, lori aina ya Canter linakuja na vijana wawili na mnunuzi. Vijana wa kupakia nao ni mafundi, na sitaki kuwapita bila kuwataja. Sakafu wanaitandika majani makavu ya mgomba kwa unene wa kiganja. Mikungu mizito ndiyo ya kwanza, inalazwa vikonyo vikiangalia ubavu wa lori, na kila pengo linazibwa kwa majani ili mkungu usipate nafasi ya kusugua mwingine kwenye mabonde ya barabara hadi Nakuru na Nairobi. Ndizi iliyopondeka haionekani siku hiyo. Huonekana siku ya tatu, ikishaiva, na mtu wa mwisho mwenye meza sokoni ndiye anayepata hasara.

Katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, kuna akina mama ambao kazi yao ni kuivisha tu. Chumba kidogo, magunia, majani, joto linalopimwa kwa kuingiza mkono hadi kiwiko, na tunda moja au mawili ya karakara yaliyoiva yakiwekwa katikati ili hewa yake iamshe mengine. Mmoja wao alifungua gunia mbele yangu, akanusa, akalifunga tena. "Kesho mchana," akasema, na mteja aliyekuja asubuhi akamrudisha. Wapo wanaoharakisha kwa kabaidi ya kalsiamu, na ndizi hizo zina ganda la njano na kiini kigumu kisicho na utamu. Mama huyo wa sokoni hakuzitaja kwa hasira. Alisema wateja wake wanarudi.

Tofauti kati ya hapa na mashamba makubwa ya ng'ambo ni kubwa, na ni ya heshima kwa mtu wa hapa: ardhi ni yake, aina anachagua mwenyewe, sumu haimwagwi juu ya paa lake. Mwaka 1928, huko Ciénaga nchini Kolombia, wafanyakazi wa United Fruit waliogoma kudai mikataba ya maandishi na malipo ya fedha taslimu walipigwa risasi na jeshi. Hapa hakuna anayemmiliki mkulima. Lakini bei bado inaamuliwa na mtu mwenye lori, na inaamuliwa kwa macho. Mnunuzi anazunguka mkungu, anausukuma kwa mguu, anasema mkubwa, wa kati, mdogo. Mvua ikizidi na mavuno yakajaa kwa wakati mmoja, au malori ya Uganda yakiwa yamevuka mpaka wa Busia kwa wingi, mkubwa unaitwa wa kati. Mkungu uliokatwa haungoji, na mnunuzi anajua hilo kama anavyojua njia ya kurudi Nairobi. Huu ndio udhalimu mmoja ninaouona katika mlolongo mzima: kila hatua imepimwa kwa uangalifu, sekunde, hatua za mguu, majani, kingo za ndizi, isipokuwa ile hatua ambayo pesa inabadilisha mikono.

Mama huyu na majirani zake wamechangishana wakanunua mizani ya kuning'iniza. Imefungwa kwenye tawi la mparachichi kando ya barabara. Mnunuzi alipofika na kusema wa kati, mama hakubishana. Aliushika mkungu kwa kikonyo, akaunyanyua kidogo kutoka kwenye majani, akaurudisha. "Kilo ishirini na nane, kijana wangu." Mjukuu akautundika. Mshale ukasimama kati ya 27 na 28. Yule kijana akatazama mizani, akatazama mkungu, akasema mizani za vijijini huwa zina matatizo, mama, usinikasirikie. Wakajadiliana kwa dakika nyingi, kwa adabu, wakakubaliana bei ya kilo ambayo haikuwa aliyoitaka mama wala aliyoileta kijana, na fedha zikatumwa kwa simu.

Kabla lori halijaondoka mnunuzi aliuliza ana mingine lini. Mama akageuka kutazama shamba, akaonyesha kwa kidole juu ya ua wa miti: Ng'ombe wawili wa upande wa mtaro, wiki tatu ikiwa jua litakuwa kama hili, nne ikinyesha, matoke moja kabla ya hapo. Cavendish usinihesabie mwezi huu. "Na ukija," akamwambia, "njoo na mizani yako, tuitundike kando ya yangu."